Mhariri, habari za mdudu wa maharage zitoke sasa hivi, zisisubiri masika

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua barua yangu ni ndefu ila nakuomba usiikate sana, maana haya mambo ya shambani ukiyakata nusu msomaji anabaki na nusu ambayo haimsaidii.

Kila mwaka habari ya wadudu wa maharage kwenye magazeti na redio inakuja mwezi wa tatu au wa nne, mvua zimeshaanza, mkulima ameshaamka asubuhi akakuta majani yametobolewa matundu matundu. Hapo anatajiwa dawa ya kupiga, anaambiwa awahi, basi, mpaka mwaka kesho tena. Ombi langu ni kwamba habari hiyo itoke mwezi huu wa nane na ule wa tisa, wakati mashamba yamekauka, maharage yako ndani na hakuna mtu anayewaza wadudu kabisa. Maana mdudu yupo. Yupo kwenye shamba lile lile, chini ya udongo, na huu ndio wakati ambao mkulima mwenye jembe anaweza kumfikia.

Nieleze ni mdudu gani. Ni yule mbawakawa mdogo, mviringo kidogo, anang'aa, urefu wake kama milimita 6 hivi, wengine rangi ya chungwa, wengine wana weusi mgongoni, wengine kahawia mpaka karibu nyeusi, ndio maana watu wanadhani ni wadudu wa aina nyingi tofauti. Kitaalamu anaitwa Ootheca, na huku kaskazini anayesumbua sana ni Ootheca bennigseni, halafu yupo ndugu yake Ootheca mutabilis ambaye anapenda sana kunde na tena anazisambazia kunde ugonjwa wa virusi wa majani kuwa na mabaka. Wote ni ukoo wa mbawakawa wa majani, ukoo mkubwa kweli kweli, wanasayansi wameshaorodhesha aina zaidi ya 35,000 duniani.

Sasa maisha yake yako hivi. Mvua za kwanza za masika zikilowesha ardhi vizuri, mbawakawa waliokomaa wanatoka chini, wanatoka na njaa, na wanachokikuta ni maharage ndio kwanza yana majani mawili matatu. Wiki hizo za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote kwa sababu mche mdogo ukiliwa majani hauna kingine cha kuishi nacho, wakati mmea mkubwa ukitobolewa kidogo unaendelea tu. Wanakula, wanapandana, jike anashuka kutaga mayai kwenye udongo karibu na shina. Mayai yanaanguliwa kuwa mabuu, vijidudu vyeupe vyenye kichwa cha kahawia, na hawa hawapandi juu hata siku moja, wanabaki chini wanakula mizizi na vile vinundu vya kwenye mizizi ambavyo ndivyo vinaupa mharage naitrojeni. Wiki kadhaa wanakula chini huko. Wakishiba kila mmoja anajitengenezea kijumba cha udongo, anageuka pupa, kisha anakuwa mbawakawa kamili mwenye mbawa na kila kitu. Ila hatoki! Hapo ndipo watu wengi hawajui. Anabaki ndani ya kile kijumba, amelala, hali, hanywi, kiangazi chote na hata vuli inapita, mpaka masika nyingine imwamshe. Huku kwetu kizazi ni kimoja tu kwa mwaka.

Fikiria maana yake. Mdudu anaonekana juu ya jani muda mfupi tu, sehemu kubwa ya maisha yake yuko ardhini, na sisi nguvu zote na hela zote tunazimalizia kwenye ule muda mfupi. Na wale tunaowaona mwezi wa nne wengi hawajatoka mbali, wanaweza kuruka ndio, ila wengi wametoka kwenye udongo wa shamba lililokuwa na maharage msimu uliopita, la kwako au la jirani yako.

Kuna jambo la mizizi linaniuma sana, naomba nilikalie kidogo. Mharage ukianza kuwa njano mwezi wa tano hivi, wakati ulitakiwa uwe unatoa maua na kuweka mapodo, mkulima anaenda duka la pembejeo anasema maharage yangu yamekuwa njano, anauziwa mbolea au anauziwa dawa ya ukungu. Anarudi anamwaga hela ardhini. Kumbe angeng'oa miche michache tu kutoka sehemu tofauti za shamba akaangalia mizizi angeona imetafunwa, imebaki mifupi, na akichimbua ule udongo polepole kwa kijiti angewaona mabuu wenyewe. Na hapo hapo angeweza kutofautisha na inzi wa maharage, maana huyo funza wake anakuwa ndani ya shina pale chini karibu na ardhi, shina linavimba linapasuka, wakati mabuu wa mbawakawa wako nje, kwenye mizizi. Ni matatizo mawili tofauti na dawa zake ni tofauti. Kung'oa mche hakuna gharama yoyote, ila sijawahi kuona gazeti likachapa picha ya mzizi, wanachapa picha ya jani kila siku.

Sasa la kufanya. Kulima mara baada ya kuvuna. Ukigeuza udongo wakati wa jua kali vile vijumba vinavunjika, mdudu anatupwa juu, jua linamkausha, kuku na ndege wanamaliza waliobaki. Hii haijatungwa na mimi, watafiti wa maharage waliokuwa wanafanya kazi na wakulima huku kaskazini wamekuwa wakiishauri miaka mingi, na inafanya kazi kwa sababu inamkuta mdudu mahali asipoweza kukimbia. Wengi wako kwenye kina ambacho jembe linafika.

Najua mtaniambia mambo mawili na yote ni ya kweli. La kwanza, huku tunachanganya maharage na mahindi, maharage yanang'olewa mwezi wa sita au wa saba wakati mahindi bado yamesimama, kwahiyo huwezi kulima mpaka mahindi yatoke, na mahindi yakitoka watu wanakata mabua kwa ajili ya ng'ombe halafu wamechoka, shamba linaachwa mpaka mwezi wa pili. Hapo naomba tu tusiliache, hata mwezi wa tisa bado ni mapema, mdudu bado amelala. La pili ni la mmomonyoko, na hili ni zito zaidi. Mwenye shamba la mteremko akitifua kiangazi chote, upepo unachukua udongo na mvua ya kwanza inamaliza, na tumefundishwa miaka yote hii tuache mabaki shambani tusigeuze udongo ovyo. Kwa mwenye mteremko mimi naona asilime shamba zima, achimbue ile mistari ambayo maharage yalikuwepo tu, kwa sababu mayai yalitagwa karibu na mashina na mabuu walikuwa kwenye mizizi ile ile, halafu akazane zaidi na kubadilisha mazao.

Na kubadilisha mazao hapa kwetu kuna mtego. Mtu anasema mimi nabadilisha, mwaka huu mahindi mwaka kesho maharage, ukienda shambani unakuta kwenye mahindi ameweka maharage katikati, kwahiyo ardhi ile haijawahi kupumzika maharage hata mwaka mmoja. Ukitaka mbawakawa aamke akose chakula inabidi kweli kuwe na kipande hakina maharage wala kunde, weka alizeti, weka mahindi matupu, weka viazi. Ni kujinyima mboga ya mwaka kwenye kipande hicho, najua, ndio maana wenye eka moja wanashindwa, ila hata kugawa hiyo eka vipande viwili ukazungusha inapunguza.

Wengine wanachelewesha kupanda ili mbawakawa watoke wakute hakuna kitu. Inasaidia, lakini masika zetu siku hizi ni fupi na ukichelewa sana maharage yanakosa maji wakati wa kujaza, kwahiyo mimi simshauri mtu aitegemee hiyo peke yake.

Dawa sizikatai. Miche ikiwa midogo na wadudu ni wengi kupiga kunaokoa shamba, na ukiwahi unawapunguza kabla majike hawajataga. Wapo pia wanaotumia mwarobaini, utupa na mkojo wa ng'ombe. Ninachokataa ni kupiga mwezi wa tano na wa sita wakati mdudu yuko kwenye mizizi na dawa iko kwenye jani, hapo unaua nyuki tu. Na ninakataa kutegemea dawa peke yake mwaka hadi mwaka, kwa sababu ukoo huu una historia. Yule mbawakawa wa viazi wa Colorado kule Marekani, ambaye naye ni wa ukoo huu huu na naye anajificha ardhini msimu mbaya, alianza kuizoea DDT tangu 1952, na mpaka leo ameshazoea aina za sumu zaidi ya 50. Wao wana maabara na hela na bado anawashinda. Sisi wenye bomba la kuazima tutaweza?

Nataka pia vijana wajue ukoo huu una watu wa kila tabia, maana ukishajua mdudu analala wapi ndio unajua umpige wapi. Kwenye matembele kuna yule anayefanana na kobe mdogo, kingo zake unaona jani kupitia kwake, mwingine anang'aa kama dhahabu, watoto wanawapenda. Buu wake anabeba magamba yake ya zamani na kinyesi chake mgongoni, anakiinua kujikinga na siafu na maadui wengine. Huyo anataga kwenye jani, anakulia kwenye jani, anageuka pupa kwenye jani, kwahiyo kumlimia ardhi ni kazi bure, unamwokota kwa mkono au unakata jani lenye mayai. Wale wadogo wanaoruka kwenye bamia ukigusa tu jani ni wa ukoo huo, miguu ya nyuma ni minene ndio inawarusha. Kwenye mpunga wapo wanaosambaza kimyanga, ugonjwa ulioripotiwa mara ya kwanza karibu na Kisumu mwaka 1966. Na yule anayetoboa maharage ghalani, yale yaliyobunguliwa, wanasayansi siku hizi wamemweka kwenye ukoo huu pia! Buu wake anakulia ndani ya punje, anatoka kwa kidirisha cha duara. Kwahiyo mharage mmoja ukoo mmoja unaula jani, unaula mzizi, na unaula punje ndani ya gunia. Kwa huyo wa ghalani dawa ni kukausha vizuri na kuweka kwenye mifuko isiyopitisha hewa, nayo hiyo ni kazi ya sasa hivi, mwezi huu, si ya Desemba wakati vumbi limeshajaa kwenye gunia.

Na wapo wa faida. Gugu karoti ambalo limejaa Arusha na linawasha watu ngozi, kuna mbawakawa wa ukoo huu kutoka Mexico anaitwa Zygogramma ambaye India walimwachia tangu 1984 alile, na Ethiopia wamemwachia pia. Yeye na mabuu wake wanakula majani ya gugu hilo, halafu wanashuka ardhini kugeuka pupa. Ndio maana naogopa mtu anapomwaga sumu kwa kila anachokiona kina mbawa ngumu.

Kwahiyo mhariri naomba mambo matatu kama inawezekana. Uchape kalenda ya mdudu huyu, mwezi kwa mwezi, yuko wapi na anafanya nini, robo ukurasa inatosha mtu aikate abandike ukutani. Uchape picha ya mabuu kwenye mizizi. Na uwaombe maafisa ugani waitishe vikao vya vitongoji kabla ya mwezi wa kumi, kwa sababu mimi nikilima shamba langu na jirani asipolima, mbawakawa wake watavuka mpaka tu masika ikifika, hii kazi ni ya kufanya bonde zima kwa pamoja.

Na wasomaji wa Lushoto, Babati, Mbulu, Karatu na kwingine kunakolimwa maharage, naomba mtuandikie kwenye ukurasa huu, kwenu mbawakawa wa kwanza anaonekana siku ngapi baada ya mvua kulowesha ardhi? Mkitupa hizo tarehe kwa misimu miwili mitatu, bwana shamba wa kila wilaya atakuwa na kitu cha kuwaambia watu wake lini hasa waanze kukagua miche.

Mkulima wa maharage,
Hai, Kilimanjaro