Barua kwa Mwalimu, kuhusu makocha waliotoka Oxford

Dayton, Ohio

Rafiki yangu mpendwa, Mwalimu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku, na kabla hujaendelea kusoma naomba umfikishie Mama shikamoo yangu. Sisi tu wazima, watoto wanakua, na baridi tumeshaizoea kwa kiasi chake.

Barua yako niliisoma mara mbili mezani na mara ya tatu ndani ya basi nikielekea kazini. Unasema kwamba yule kijana uliyemfundisha tangu akiwa kidato cha pili, ukamfanya msaidizi wako kwa miaka sita, ameondoka kwenda kufundisha timu ya shule nyingine yenye uwanja wa nyasi na basi lake lenyewe, na kwamba ameshakupigia simu mara mbili nawe hukupokea. Kisha ukaandika, "Nimechoka kuwalelea watu watoto." Maneno hayo yameniuma, maana najua ulivyomtoa kijana yule mbali. Kwa kuwa mimi si kocha, na sina la kukufundisha katika kazi yako, nitakusimulia habari za chuo kimoja kilichopo mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka hapa, ambacho kimewalelea watu makocha kwa muda wa karibu miaka 100.

Chuo hicho kinaitwa Chuo Kikuu cha Miami. Usikichanganye na mji wa Miami ulioko Florida. Hiki kiko katika mji mdogo wa Oxford, hapa Ohio, kilianzishwa mwaka 1809, na jina lake limetokana na watu wa kabila la Miami waliokuwa wenyeji wa ardhi hii. Mchezo wenyewe ni futiboli ya Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira uliochongoka, ambao wewe na mimi tulipokuwa wadogo tuliudhani ni vita. Timu ya chuo si miongoni mwa zile kubwa zinazojaza viwanja vya watu 100,000. Hata hivyo, kwa miaka mingi watu wa mchezo huo wamekiita chuo hiki Susu la Makocha, kwa maana ya mahali ambapo makocha hubembelezwa wakingali wachanga, kisha huondoka.

Novemba iliyopita nilimpeleka mwanangu kuuona uwanja wao. Nje yake kuna sanamu za shaba za makocha waliopitia hapo, zimesimama kwa ukubwa wa mtu. Mwanangu alivua glavu yake, akaigusa shaba ile iliyokuwa baridi kama barafu, akaniuliza, "Baba, hawa wote walifundisha hapa?" Nilijikuta nimesimama bila jibu la haraka, kwa sababu jibu la kweli ni kwamba kadhaa kati yao hawakuwahi kuwa kocha mkuu hapo hata siku moja. Walicheza hapo, walisoma hapo, wakaenda kuwafundisha watu wengine, nacho chuo kimewajengea sanamu kwa kazi waliyoifanya kwingine, wakati mwingine wakiwa na timu ambazo Oxford hawazijui ila kwenye televisheni. Niliikumbuka barua yako palepale, Mwalimu.

Nianze na Paul Brown, maana huyo ungempenda. Alikuwa mrushaji wa mpira wa timu ya Miami, yule ambaye ndiye huiongoza timu uwanjani, akahitimu mwaka 1930. Alirudi kufundisha sekondari ya Massillon, mji aliokulia, na katika misimu tisa kuanzia 1932 timu yake ilishinda michezo 80 na kupoteza 8 tu. Kutoka hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio akatwaa ubingwa wa taifa mwaka 1942, na baada ya vita aliiunda timu ya kulipwa ya Cleveland, iliyoitwa Browns kwa jina lake. Ilianza kucheza mwaka 1946 katika ligi mpya, ikatwaa ubingwa wa ligi hiyo miaka yote minne ya uhai wake, kisha ikaingia NFL, ligi kuu ya kulipwa, mwaka 1950 na kuwa bingwa mwaka huohuo. Mwaka uleule wa 1946, wakati ligi za kulipwa zilikuwa zimewafungia milango watu weusi kwa miaka mingi, aliwasajili Marion Motley na Bill Willis, na wote wawili wakawa nguzo za timu.

Nimemweka mbele kwa sababu ya daftari. Brown aliwaketisha wachezaji wa kulipwa, watu wazima wenye shingo kama za mafahali, kwenye viti vya darasani, akawaamuru waandike kwa mikono yao kila mpango wa mchezo, kisha akawapa mtihani. Aliwaonyesha filamu za michezo iliyopita, akampa kila mmoja alama kwa kila hatua aliyoipiga. Lugha yetu ilitangulia kulijua jambo hili, kwani mtu wa kazi hiyo tunamwita mwalimu. Bila shaka unamkumbuka mwalimu wetu wa michezo, alivyokuwa akipanga visoda mchangani chini ya mwembe, vya Fanta wakiwa sisi na vya Coca-Cola wakiwa wapinzani, na jinsi alivyokataa mtu yeyote asiguse mpira mpaka awe amesogeza kisoda chake mahali panapotakiwa na kueleza kwa nini. Mimi niliishia kuwa fundi umeme, lakini wewe uliondoka na visoda vile, na najua mpaka leo unavyo kwenye kopo la maziwa.

Naamini siri ya Oxford iko hapo. Tangu mwaka 1902 chuo kile kilikuwa na kitengo cha kuwaandaa walimu, na ndani yake kulikuwa na shule ambamo wanafunzi wa ualimu walijifunza kazi. Katika shule hiyo ndogo alikuwapo Weeb Ewbank, aliyehitimu Miami mwaka 1928, akifundisha darasani na uwanjani kwa zaidi ya miaka 10, bila mtu yeyote wa mbali kulijua jina lake. Wakati wa vita alikutana tena na Brown katika timu ya kambi ya jeshi la majini, na baadaye Brown akamchukua Cleveland kuwa msaidizi wake. Mwaka 1954 timu ya Baltimore Colts ilimtaka Ewbank awe kocha wao mkuu, naye akaenda. Brown hakufurahi hata kidogo. Nakwambia hili makusudi: yule aliyewafanya wengine wote wawe walimu alikasirika msaidizi wake alipoondoka, kama ulivyokasirika wewe. Ewbank aliwapa Colts ubingwa mwaka 1958, katika fainali iliyoamuliwa kwa muda wa nyongeza, akaurudia mwaka 1959, na Januari 1969 aliiongoza New York Jets kuwafunga Colts haohao 16 kwa 7 katika Super Bowl ya tatu, yaani fainali kuu ya mchezo huo, matokeo ambayo karibu hakuna aliyeyatarajia. Brown mwenyewe alikuwa ameshafukuzwa Januari 1963 na mmiliki wa timu iliyobeba jina lake. Alikaa kando, kisha akaanzisha timu nyingine, Cincinnati Bengals, iliyoanza kucheza mwaka 1968.

Wengine nitawataja kwa haraka, maana nikimweleza kila mmoja barua hii haitaisha. Sid Gillman alikuwa kocha mkuu hapo kuanzia 1944 hadi 1947, na alipoondoka alikwenda kuubadilisha mchezo wa pasi za juu katika ligi za kulipwa. Kwenye timu yake ya 1947 walikuwamo Paul Dietzel, aliyekuja kukipa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana ubingwa wa taifa mwaka 1958, na Ara Parseghian, aliyerudi kuifundisha Miami kabla ya kwenda vyuo vya Northwestern na hatimaye Notre Dame, ambako alitwaa ubingwa mwaka 1966 na 1973. Carm Cozza alikuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Yale kuanzia 1965 hadi 1996. Hata Walter Alston, aliyeiongoza timu ya besiboli ya Dodgers kwa miaka 23, alikuwa mhitimu wa chuo hikihiki, ingawa mchezo wake ni mwingine. John Harbaugh, aliyecheza Miami akiwa beki na kuanza kuifundisha Baltimore Ravens mwaka 2008, alitwaa Super Bowl Februari 2013 akimfunga kocha Jim Harbaugh, mdogo wake wa damu, 34 kwa 31. Fikiria wazazi wao walivyokaa jukwaani siku hiyo.

Kuna mmoja wa karibuni ambaye siwezi kumpita upesi. Sean McVay alikuwa mpokeaji wa pasi hapo Miami, na babu yake, John McVay, ambaye aliwahi kuwa kocha hapa Dayton, naye alichezea Miami zamani. Januari 2017 timu ya Rams ilimpa kijana huyo ukocha mkuu akiwa na umri wa miaka 30, na Februari 2022 alishinda Super Bowl 23 kwa 20. Aliowafunga walikuwa Cincinnati Bengals, timu ya Paul Brown, nao walikuwa wakifundishwa na Zac Taylor, aliyetoka kuwa msaidizi wa McVay mwenyewe. Siku ile nilikuwa kwa jirani yangu, mzee wa Kikongo kutoka Bukavu, tukitazama pamoja na wanawe. Nilipomweleza kwamba yule kocha anayeshindwa alilelewa na yule anayeshinda, na kwamba timu ile ilianzishwa na mtu aliyesoma chuo kimoja na yule anayeshinda, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Basi hii ni ukoo."

Sasa nifike kwa wawili walionifanya nichukue kalamu. Woody Hayes alifundisha Miami misimu miwili tu, 1949 na 1950. Kati ya vijana wake alikuwamo mchezaji wa mstari wa mbele aitwaye Bo Schembechler. Hayes alipohamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Bo alimfuata kujifunza kazi, na baadaye, kuanzia 1958 hadi 1962, alikuwa msaidizi wake. Walikuwa wakali wote wawili, walifokeana, lakini Hayes alimlea kama mwanawe. Bo alirudi Oxford kuwa kocha mkuu wa Miami kwa misimu sita, na mwaka 1969 alianza kazi Michigan. Ungekuwa unaishi Ohio ungejua uzito wa neno hilo, kwa maana Michigan ndio wapinzani wakubwa kuliko wote wa Jimbo la Ohio. Ni kama msaidizi wa Simba kwenda kuwa kocha mkuu wa Yanga. Mwaka wake wa kwanza huohuo, Novemba, mwalimu wake alikuja Michigan akiwa bingwa wa taifa, timu yake haijapoteza mchezo hata mmoja kati ya 22 iliyotangulia. Bo alimfunga 24 kwa 12.

Kwa miaka kumi wakapambana kila Novemba. Mwanafunzi alishinda mara tano, mwalimu mara nne, na mwaka 1973 wakatoka sare ya 10 kwa 10. Hayes hakuwa malaika, na sitaki umdhanie hivyo. Hasira zake ndizo zilizommaliza, kwani mwishoni mwa 1978 alimpiga mchezaji wa timu pinzani mbele ya kamera, akafukuzwa kazi.

Lakini Machi 1987 kulikuwa na karamu hapa Dayton ambapo Bo alikuwa mgeni wa heshima. Hayes alikuwa na umri wa miaka 74, mgonjwa, mwili umechoka. Hata hivyo alisafiri kutoka Columbus mpaka hapa, akasimama mbele ya watu, akamtambulisha Bo, yule aliyemfunga mara tano. Tarehe 12 mwezi huohuo akafariki. Kila ninapopita katikati ya mji jioni nikitoka kazini huwa nawaza safari ile, mzee anayejua hali yake, amekaa kwenye gari katika baridi ya Machi, anakwenda kumsemea kijana wake.

Umeniandikia kwamba timu yako na ya kijana wako huenda zikakutana kwenye UMISSETA mwaka huu. Nitafurahi sana mkikutana, na nitafurahi vilevile ukimfunga. Ila kabla ya hapo nina ombi moja. Uliniambia amekupigia mara mbili, na kwamba unadhani alitaka kukuuliza namna ya kuwapanga mabeki wake dhidi ya timu yenye winga mwenye mbio. Mimi nadhani hivyohivyo. Mpigie leo jioni, baada ya chakula, akiwa ametulia, umweleze kama ulivyokuwa ukimweleza siku zote, na kama bado hana visoda vyake mwenyewe, mgawie nusu ya vile vilivyomo kwenye kopo.

Nisalimie nyumba nzima, na uniandikie alivyokujibu.

Ni mimi rafiki yako wa tangu utoto.