Mpiga muziki naye ni mfanyakazi, sheria imtambue

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe dukuduku ambalo nimekaa nalo muda mrefu. Mimi ni mpiga gitaa la besi. Nina miaka 19 jukwaani. Nimepiga kumbini, hotelini, kwenye harusi na mikutano ya kampeni, na studio nimewapigia watu ambao nyimbo zao zinasikika redioni kila siku.

Usiku mmoja tukiwa katikati ya shoo, mwimbaji wetu, ambaye pia ndiye anayepiga gitaa la rithim, alisogeza mdomo kwenye maiki akatupwa chali. Gitaa lilimng'ang'ania mkononi. Mpiga drams ndiye aliyekimbilia swichi kuu. Tulipoangalia baadaye tukakuta plagi ya amplifaya yake imekatwa pini ya tatu, ile ya ethi inayopeleka ardhini umeme uliovuja, ili iingie kwenye ekstensheni ya matundu mawili. Asiyejua kazi hii ataona ni jambo dogo, kwa hiyo naomba nieleze. Nyuzi za gitaa zimeungwa na bodi ya amplifaya. Amplifaya ikiwa haina ethi na ndani yake kuna hitilafu, umeme unakaa kwenye nyuzi ukisubiri pa kupita. Maiki nayo imeungwa na mitambo mingine yenye ethi nzuri. Ukishika nyuzi kwa vidole na kugusa maiki kwa midomo, njia ya umeme ni wewe, kutoka mkononi, kupitia kifuani, hadi mdomoni. Na sakafu ya jukwaa usiku ule ilikuwa imelowa.

Mwenzangu alipona, namshukuru Mungu. Vidole viwili viliungua na mkono wa kushoto ukawa na ganzi kwa wiki kadhaa, mkono ambao ndio unaomlisha. Tulimchangia wenyewe matibabu. Tulipomfuata mwenye ukumbi alitusikiliza kwa upole kabisa, kisha akasema: "Ninyi si waajiriwa wangu. Mmejiajiri." Sikulala na neno hilo, kwa sababu nilijua kwamba kisheria huenda yuko sahihi.

Hebu litazameni neno hilo. Mtu aliyejiajiri hujipangia saa, hujipangia bei, na akiumwa humtuma mwingine. Sisi tunaambiwa tufike saa ngapi, tuvae nini, tupige nyimbo zipi na tupumzike dakika ngapi, na aliyechelewa anakatwa. Mamlaka yote ni ya mwenye kazi, lakini hatari ikitokea ni yetu.

Wengi huniambia, "Lakini mna chama cha hakimiliki." Naomba tutenganishe mambo haya mawili, kwa sababu kila mkutano wa wasanii na viongozi wa serikali naona yanachanganywa. Chombo cha kukusanya mirabaha kinaulinda wimbo. Kazi yake ni kufuatilia wimbo umepigwa wapi na kumlipa mwenye haki. Hakiwezi kuketi na wenye kumbi kujadili malipo ya chini ya usiku mmoja, saa za kazi, usafiri wa alfajiri, wala plagi yenye pini tatu. Kazi hiyo ni ya chama cha wafanyakazi, chenye haki ya kudai mkataba wa hali bora na, ikibidi, kuweka vyombo chini.

Hata kwenye mirabaha yenyewe, sisi wapigaji tunaokota makombo. Mkataba wa kimataifa wa Roma wa 1961 ulitaja malipo ya haki kwa wasanii watekelezaji, yaani wanaopiga na kuimba, pale santuri yao inapotangazwa redioni, ingawa uliziachia nchi nafasi ya kujitoa kwenye kifungu hicho. Kwa kusikiliza wimbo mtandaoni, mkataba mwingine wa kimataifa, wa 1996, ulimpa mtekelezaji haki ya kuidhinisha. Haki hiyo ndiyo anayoiuza kwa sahihi moja studio, mara nyingi kabla hata hajamaliza kukunja waya wake. Nimepiga besi kwenye nyimbo zilizosikilizwa na watu wengi mno. Nilicholipwa ni mkupuo wa siku ile, basi.

Wapo watakaosema chama cha wafanyakazi hakiwafai wasanii. Historia inakataa. Huko Manchester mwaka 1893, mpiga klarineti Joseph Williams alianzisha chama cha wanamuziki wa majumba ya maonyesho, na chama kilichotokana na hicho kipo mpaka leo. Huko Marekani, tarehe 1 Agosti 1942, chama cha wanamuziki chini ya James Petrillo kiliwazuia wanachama wake kurekodi kwa kampuni za santuri. Hoja yao ni hii hii ya kwetu: mashine inapiga muziki wetu katika baa na redio, sisi tunakosa kazi, na hatupati chochote. Kampuni ya kwanza kubwa ilikubali mwaka 1943, nyingine mbili zikashikilia hadi Novemba 1944. Kampuni zililazimika kutoa kiasi kwa kila santuri kwenda kwenye mfuko wa kuwalipa wanamuziki wapige mbele ya wananchi bila kiingilio. Sisemi tugome kesho. Nasema wale watu walisikilizwa kwa sababu walikuwa na chama ambacho sheria ilikitambua.

Kesi ninayotamani kila mbunge aisome ni ya Uholanzi. Chama cha wafanyakazi huko kilikuwa na makubaliano ya pamoja yaliyoweka malipo ya chini kwa wanamuziki wa badala, wale wanaoitwa kuziba pengo kwenye okestra. Baadhi yao walikuwa na ajira na wengine wamejiajiri. Mamlaka ya ushindani ikasema waliojiajiri wakipanga bei pamoja ni sawa na wafanyabiashara wanaokula njama. Fikiria: mpiga fidla aliyeitwa kwa usiku mmoja anafananishwa na kiwanda cha saruji! Chama kikaenda mahakamani, na tarehe 4 Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema kwamba aliyejiajiri kwa jina tu, huku kazi yake ikifanana na ya mwajiriwa, anaweza kulindwa na makubaliano hayo. Mahakama ilitaka kiangaliwe kinachofanyika kweli, hata kama karatasi inasema vingine.

Hilo halikuanzia Ulaya. Pendekezo namba 198 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2006, linasema uhusiano wa ajira upimwe kwa jinsi kazi inavyofanyika na inavyolipwa. Na Mkataba namba 87 wa shirika hilo hilo, wa 1948, unawapa wafanyakazi wote bila ubaguzi haki ya kuunda vyama wanavyovitaka. Walioachiwa sheria za nchi ziamue juu yao ni wanajeshi na polisi. Wapiga besi hawakutajwa.

Nisiache suala la masikio, maana hili linaniumiza mwenyewe. Sikio langu la kushoto, lile linaloelekea matoazi ya drams, linalia mluzi mchana na usiku. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli tatu muda salama unakatika nusu. Ukifika desibeli 100, ambazo jukwaa la kawaida linazifikia bila shida, umebakiwa na dakika 15. Sisi tunakaa humo saa tano. Mpiga viola wa jumba la opera la Royal Opera House, London, aliharibiwa masikio mazoezini mwaka 2012 akiwa ameketi mbele ya matarumbeta, na mahakama ilimpa haki mwaka 2018. Jumba hilo lilikata rufaa, likashindwa mwaka uliofuata. Utetezi kwamba kelele ndiyo sanaa yenyewe haukukubaliwa. Lakini yule alikuwa mwajiriwa. Mimi nikienda na sikio langu, nitamshtaki nani?

Kwa hiyo ombi langu kwa wabunge na kwa wizara zinazohusika na kazi na sanaa ni hili. Sheria ya kazi imtaje mwanamuziki wa jukwaani na wa studio kuwa mfanyakazi pale anapopangiwa saa na namna ya kazi, hata kama ni kwa usiku mmoja. Wale waliojiajiri kweli nao waruhusiwe kujadiliana malipo ya chini kwa pamoja bila kuitwa watu wanaokula njama. Na ukumbi usipewe leseni ya muziki mpaka fundi mwenye cheti amekagua umeme wa jukwaa. Hili la mwisho halihitaji hata kusubiri muswada.

Wanamuziki wenzangu, nina ombi kwenu pia. Anzeni kuandika. Tangu usiku ule nina daftari ambamo naweka kila kazi, kwa sababu siku tukiitwa mbele ya kamati tutaulizwa ushahidi na maneno matupu hayatasaidia. Ukurasa wa Jumamosi iliyopita unasema hivi: Tumefika saa tisa alasiri, tumefunga vyombo. Tumepanda saa nne usiku. Tumeshuka saa tisa usiku. Tumefungua vyombo na kupakia, tumeondoka saa kumi alfajiri. Saa 13. Tumelipwa za saa tano. Plagi ya rithim: pini mbili.

Mpiga besi, miaka 19 jukwaani