Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: chungu cha makande nacho kichunguzwe

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Afya, Dodoma.

Mheshimiwa, mimi ni daktari wa kinywa na meno. Utafiti wangu wa shahada ya uzamili niliufanya katika vijiji vilivyo chini ya Mlima Meru. Huko mtoto akicheka hufunika mdomo kwa kiganja. Meno yake yana mistari ya kahawia, mengine yamemeguka ncha, na wageni hudhani hapigi mswaki. Anapiga. Ni floraidi, madini yaliyomo majini ambayo yakizidi huharibu meno yanayokua.

Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na visima na chemchemi nyingi za Arusha huzidi hapo. Wenzetu wa maji wana kituo chao cha utafiti Ngurdoto, wamehangaika na mkaa wa mifupa ya ng'ombe unaochuja floraidi, nami nawashukuru. Lakini je, chungu?

Nilikaa jikoni na bibi mmoja akipika makande. Maharage yalipoanza kuchemka alivunja kipande cha magadi kwa jiwe, akatia, povu likapanda. Magadi nayo yanaweza kubeba floraidi nyingi mno. Nilipomwuliza kwa nini asiache, alisema bila magadi makande hayaivi mpaka jua lizame, na kuni ananunua. Kisha akaponda yale makande, akamlisha mjukuu aliyeanza kula juzijuzi. Enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, ya meno ya ukubwani, ukiacha magego ya mwisho, hujengwa ndani ya taya kabla mtoto hajafika miaka minane. Ikishaharibika hapo, imeharibika.

Mtoto huyo hupelekwa kliniki. Muuguzi humpima uzito, humzungushia utepe mkononi, hujaza kadi, na hakuna anayemwinua mdomo wa juu. Akija kwangu naona meno, lakini hapo pia hakuna anayemwuliza mama anapika nini. Hapa ndipo mwanafunzi wa uzamili wa meno na yule wa lishe wangekutana: maharage yakilowekwa usiku kucha, magadi yatahitajika kiasi gani? Maziwa je, kwa kuwa kalsiamu yake hupunguza floraidi inayofyonzwa mwilini?

Tatizo ni muda na fedha, Mheshimiwa. Uzamili wetu ni miaka mitatu. Jino la mbele la ukubwani huota mtoto akiwa na miaka sita au saba. Mimi niligharamia chupa za sampuli na bodaboda kwa mshahara wangu, nikapunguza vijiji kutoka vinane hadi vitatu, na tasnifu yangu ipo rafuni. Naomba wizara itenge fungu la kudumu, ili mwanafunzi anayehitimu ampokeze anayeingia watoto walewale, na majibu yapelekwe kliniki za kijijini kwa Kiswahili.

Yule bibi aliniomba nikipata jibu nirudi nimweleze. Sijarudi.

Wako katika utumishi,
Daktari wa kinywa na meno, Arusha