YAH: Malalamiko kuhusu gari lililotumika nililouziwa na kampuni yenu, na madai ya kurudishiwa fedha

Kwa Meneja Mauzo,

Ndugu Meneja,

Siku ya kumi na tisa tangu nitoe gari getini kwenu, mshale wa joto ulipanda hadi kwenye nyekundu nikiwa njiani na watoto. Nilizima, nikangoja lipoe, nikaongeza maji. Nusu saa baadaye likachemsha tena. Gari lilifika gereji likivutwa kwa kamba.

Fundi alifungua kifuniko cha oili akanigeuzia upande wa ndani: umeshika utando mweupe, mzito, kama wa maziwa yaliyochemshwa. Maji ya rejeta yanaingia kwenye oili. Alipima mgandamizo, silinda mbili ziko chini sana, na ameandika kwamba gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji yasiingie kwenye oili na mgandamizo usivuje, imekufa. Anahisi pia kuwa oili iliyomo ni nzito kuliko inayotakiwa, ya kunyamazisha injini iuzike. Hilo la oili siwezi kulithibitisha, nalitaja tu.

Ninaloweza kulithibitisha ni hili. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna stika ya sevisi iliyobanduliwa nusu. Nusu iliyobaki inasomeka vizuri: kilomita 187,400, na tarehe ya miaka miwili iliyopita. Tangazo lenu lilisema 92,300. Dashibodi ilisema 92,300. Mkataba, wenye muhuri wenu, unasema 92,300. Baada ya kuiona stika ndipo nikaangalia pedali ya breki: raba imelika mpaka chuma kinachungulia. Usukani nao unang'aa kama kiatu kilichopigwa kiwi.

Nakiri nilipaswa kuja na fundi kabla ya kulipa. Muuzaji wenu aliniambia kuna mteja mwingine anakuja jioni ileile, nami nikaingia pupa. Hilo ni kosa langu, ila haliwapi ninyi ruhusa ya kuniandikia kilomita za uongo.

Nimewapigia simu mara tatu. Ya kwanza niliambiwa nitengeneze kwa gharama yangu "halafu tutaona". Ya pili nikasomewa kipengele cha mwisho cha mkataba: gari limeuzwa kama lilivyo. Ya tatu simu iliwekwa mezani bila kukatwa, nikabaki namsikiliza mtu akimsifia mteja mwingine gari.

Kipengele hicho nimekisoma na nimekisaini. Kinanibana kwa mikwaruzo, kwa kiti kilichochanika, kwa tairi zilizolika, yaani kwa yale niliyoyaona au ningeweza kuyaona. Gari lililotumika halitegemewi kuwa jipya. Lakini bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo, na muuzaji anayetoa maelezo ya uongo hawezi kujificha nyuma ya maneno "kama lilivyo". Lilivyo ni kilomita 187,400 na ushei. Hilo hamkuniuzia.

Kwa hiyo sitaki matengenezo. Hata mkifunga injini nyingine kesho, zile kilomita zaidi ya 95,000 zilizofichwa bado zitakuwa kwenye gia boksi, kwenye bodi na kwenye kila bushi. Nataka mlichukue gari, mnirudishie fedha zote nilizolipa, pamoja na gharama za kulivuta na za ukaguzi, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Mkishindwa, nitalifikisha suala hili kwa mamlaka inayowalinda walaji, kisha mahakamani.

Gari limeegeshwa gerejini, injini haijafunguliwa na stika haijaguswa. Mnaweza kuleta fundi wenu alikague, mradi nami niwepo. Nimeambatanisha nakala za mkataba, tangazo, risiti na ripoti ya fundi, pamoja na picha. Nakala halisi ninazo mimi.

Tafadhali msinipigie simu. Jibu liwe kwa maandishi.

Wenu,
Mnunuzi