Nanomateriali zipimwe kwa gramu, si kwa tani

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni kuhusu usimamizi wa nanomateriali, yaani vitu vyenye chembe za kati ya nanomita 1 na 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Sheria nyingi za kemikali humuuliza mwenye kiwanda kwanza uzito: umetengeneza tani ngapi? Kwa chembe hizi, swali hilo halitoshi hata kidogo.

Chukua mchemraba wa sentimita 1. Eneo la nyuso zake zote ni sentimita 6 za mraba. Ukate uwe vipande vya nanomita 1 kila upande: uzito ni uleule, lakini sasa nyuso zote kwa pamoja zinafika mita za mraba 6,000, karibu sawa na uwanja wa mpira. Na kemikali hugusana na pafu, ngozi au maji kupitia uso wake.

Umoja wa Ulaya umefanya jambo jema kudai taarifa za nanomateriali chini ya REACH, kanuni yake ya kemikali, kuanzia Januari 2020, ila kiwango kinachomlazimu mtu kutoa taarifa bado kinaanzia tani 1 kwa mwaka. Marekani ilitoa kanuni yake mwaka 2017, lakini taarifa hutolewa mara moja tu. Ufaransa ndiyo iliyoelewa. Tangu 2013, anayezalisha, kuingiza au kusambaza kuanzia gramu 100 kwa mwaka hutangaza kila mwaka ni kitu gani, kiasi gani, cha kazi gani, na amemuuzia nani.

Hilo la mwisho lina uzito sana kwangu, kwa sababu namfikiria mfanyakazi anayefungua mfuko wa unga na vumbi kumrukia usoni. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka aina moja ya mirija-nano ya kaboni (mirija myembamba mno, ya kipimo cha nanomita) katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Aina nyingine hazikuainishwa, kwa kuwa ushahidi haukutosha. Ushahidi utatoka wapi ikiwa hakuna anayejua nani alivuta vumbi lipi?

Wenye viwanda watalia na siri ya biashara. Wabaki na siri ya namna wanavyotengeneza, sawa. Lakini kilichomo ndani ya mfuko kiandikwe juu ya mfuko, na daktari wa mfanyakazi huyo aruhusiwe kuisoma taarifa iliyopelekwa serikalini.

Msomaji wako