Vipimo kwanza, spea baadaye

Mhariri,

Makala nyingi za magari magazetini hufuata mtindo mmoja: ukisikia sauti hii, badilisha kifaa kile. Msomaji hufika gereji akiwa na jawabu mkononi, naye fundi asiyetaka ubishi humfungia spea aliyoitaja. Baada ya siku chache tatizo liko palepale. Dalili moja ya gari huwa na vyanzo vitatu au vinne, na kipimo cha kuvitenganisha ndicho kilichorukwa. Sisi tunaoshinda chini ya magari ya watu tunaomba kurasa hizo zitangulize vipimo, majina ya spea yafuate. Vingi vya vipimo hivyo vinahitaji macho, pua, mkono na mita ndogo ya umeme tu.

Chukua injini inayochemsha. Mshitakiwa wa kwanza huwa themostati (mlango mdogo unaofungua njia ya maji kwenda rejeta, yaani kipoza maji, injini ikipata joto), na wako mafundi wanaoing'oa na kuitupa wakidhani wameondoa kikwazo cha maji. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto, hula mafuta zaidi na oili yake huchafuka upesi. Kwenye baadhi ya injini sehemu ya maji hupata njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, na gari likachemsha kuliko mwanzo. Kabla ya kugusa boliti yoyote, uliza: mshale wa joto hupanda lini? Ukipanda kwenye foleni na kushuka gari likishika mwendo, kinachokosekana ni upepo. Washa injini, kisha kiyoyozi. Kwa magari mengi yenye feni ya umeme, feni inatakiwa kuanza kuzunguka muda mfupi baada ya hapo. Isipozunguka, anza na fyuzi, halafu rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme (ibadilishane na nyingine ya namba ileile katika boksi hilohilo), halafu soketi ya waya. Mota ya feni iwe ya mwisho kulaumiwa. Mikono ikae mbali, maana feni ya namna hii inaweza kujiwasha hata injini ikiwa imezimwa.

Mshale ukipanda kwenye mwendo mkubwa au mlimani, upepo upo ila maji hayapiti ya kutosha. Huenda rejeta imeziba, kwa ndani kwa kutu au kwa nje kwa tope na wadudu. Huenda mapanga ya pampu yameliwa, au bomba la chini limelegea na kujinyonya likabanana injini inapokimbia. Themostati nayo ipimwe hapa. Washa injini ikiwa baridi na ushike bomba la juu la rejeta. Linatakiwa kubaki baridi dakika kadhaa, kisha lipate joto ghafla themostati inapofunguka, kwa kawaida kati ya nyuzi 82 na 90 za Selsiasi. Likipata joto polepole tangu mwanzo, themostati imekwama wazi. Likibaki baridi huku mshale unaelekea kwenye alama nyekundu, imekwama imefungwa, zima injini. Mwenye shaka aining'inize kwenye sufuria ya maji yanayochemshwa, isiguse chini, aone kama inafunguka karibu na nyuzi zilizochapwa juu yake.

Kisha kuna kifaa kidogo ambacho hakuna anayekitazama: kifuniko cha rejeta. Kazi yake ni kushikilia shinikizo. Maji yaliyobanwa kwa bar moja juu ya hewa ya kawaida huchemka karibu na nyuzi 120 badala ya 100. Mpira wa kifuniko ukichoka, maji huchemka mapema na kumwagika ingawa kila kitu kingine ni kizima. Kibadilishe kwa chenye shinikizo lilelile lililoandikwa juu yake, kabla hujaanza kuzungumzia gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya silinda hedi na bloku ya injini.

Gasketi hiyo ina dalili zake. Mabomba ya maji huwa magumu ndani ya dakika moja au mbili baada ya kuwasha injini baridi, muda ambao joto lenyewe bado halijaweza kuleta shinikizo. Mapovu hutoka mfululizo kwenye rejeta iliyofunguliwa ikiwa baridi, au moshi mweupe huendelea hata injini ikishapata joto. Oili kwenye kijiti cha kuipimia inaweza kugeuka rangi ya maziwa. Lakini ukiona utando mweupe chini ya kifuniko cha kujazia oili tu, kijiti kikiwa safi na maji hayapungui, mara nyingi huo ni unyevu wa safari fupi fupi. Silinda hedi nyingi zimefunguliwa bure kwa sababu ya utando huo.

Joto likipanda njiani, zima kiyoyozi, fungua hita mpaka mwisho na uegeshe. Ukiona mvuke, zima injini mara moja. Kifuniko kisiguswe kwa angalau nusu saa, na maji baridi yasimwagwe juu ya injini ya moto. Chuma hupinda au kupasuka. Unapojaza tena, tumia kulanti (dawa ya kupozea injini) na maji yaliyotoneshwa (maji safi yasiyo na chumvi) kwa kiasi sawa, kwa sababu maji ya bomba huacha ukoko ndani ya njia nyembamba za rejeta. Wala usichague kulanti kwa rangi: kila mtengenezaji hutia rangi aipendayo. Soma kitabu cha gari.

Gari kutowaka nalo ni matatizo matatu yaliyopewa jina moja. Ukigeuza ufunguo ukasikia ta-ta-ta-ta ya haraka na taa zikafifia, umeme hautoshi: betri imeisha, au vichwa vyake vimelegea au vina ukungu wa kijani na mweupe. Ukisikia mlio mmoja mzito taa zikiwa bado kali, elekea kwenye stata na nyaya zake. Stata ikizungusha injini kwa nguvu lakini isiwake, iache betri. Tafuta mafuta au moto wa plagi.

Betri hupimwa gari likiwa limelala saa kadhaa. Volti 12.6 au zaidi ina maana imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.0 iko karibu tupu. Mtu mwingine apige stata huku wewe ukitazama mita: ikishuka chini ya 9.6 ilhali betri ilikuwa imejaa, betri imechoka. Injini ikishawaka, mita ipande hadi kati ya 13.8 na 14.5, ingawa magari mapya yenye alteneta (mashine inayochaji betri injini ikiwaka) inayoongozwa na kompyuta yanaweza kutoka kidogo nje ya hapo. Ikibaki kwenye 12 na kuendelea kushuka, alteneta haichaji. Angalia kwanza mkanda wake. Ipo tabia ya kuchomoa waya wa betri injini ikinguruma ili "kupima alteneta". Iachwe leo hii. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa gari. Ukiiondoa ghafla volti huruka juu na zinaweza kuunguza kompyuta ya injini, alteneta yenyewe au vyote viwili.

Betri nzuri inayokutwa imekufa kila asubuhi inanyonywa na kitu. Zima kila kitu, chomoa waya wa hasi, unganisha mita ya ampea kati ya waya huo na betri, kisha subiri nusu saa mpaka kompyuta za gari zilale. Usifungue swichi wala kupiga stata mita ikiwa hapo, utaiunguza. Chini ya miliampea 50 ni kawaida. Zikizidi sana, chomoa fyuzi mojamoja. Ile itakayoangusha namba ndiyo inayokuonyesha saketi yenye kosa. Mara nyingi ni redio au king'ora kilichofungwa baadaye, au taa ya buti isiyozimika.

Kwenye breki hatuna subira na ubahatishaji. Mlio mwembamba unaokoma ukikanyaga ni kibati cha pedi kinachoonya kuwa imekwisha. Pedi ibadilishwe inapofika milimita 3. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma ni onyo lililopuuzwa, na sasa diski nayo inaliwa. Pedeli inayotetemeka mguuni maana yake diski haina unene ulio sawa. Pedeli laini kama sponji ina hewa ndani ya mabomba, lakini ile inayozama polepole ukiiweka mguu kwenye taa nyekundu inataja masta silinda (pampu kuu ya breki), hasa kama hakuna uvujaji unaoonekana. Pedeli ngumu inayodai nguvu za miguu miwili hupimwa hivi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara tano au sita mpaka iwe ngumu, ishikilie, kisha washa injini. Ikishuka kidogo, busta (kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu) ni nzima. Isiposhuka, kagua bomba la upepo linaloingia kwenye busta kabla ya kununua busta.

Mafuta ya breki yakipungua, usiyajaze tu. Pedi zinapoisha pistoni husogea nje na kiwango hushuka, kwa hiyo kushuka huko ni taarifa. Kama pedi bado nene, tafuta panapovuja. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. DOT 4 mpya, daraja mojawapo la mafuta hayo, huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi, lakini ikishaingia maji kiwango cha chini kinachokubalika ni 155, na mvuke ndani ya bomba hausukumi breki yoyote. Ndiyo maana watengenezaji wengi husema yabadilishwe kila miaka miwili hata kama gari halitembei sana.

Taa ya injini kwenye dashibodi imetajirisha wauza sensa. Kompyuta haitaji spea mbovu, inataja kipimo kilichovuka mipaka. Msimbo P0171, unaosomwa kwa mashine ya kupimia, husema injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa taarifa, na kuibadilisha ni kumfukuza shahidi. Tafuta bomba la hewa lililopasuka mikunjoni, sensa ya hewa iliyochafuka, filta ya mafuta iliyoziba au pampu dhaifu. P0301 ni silinda ya kwanza kukosa kuwaka: hamisha koili yake (inayopeleka moto kwenye plagi) hadi silinda ya tatu, futa msimbo, endesha. Ukigeuka P0303, koili ndiyo mbovu. Ukibaki P0301, kagua plagi, kisha injekta, kisha kompresheni. Taa hiyo ikimetameta badala ya kuwaka tu, punguza mwendo na usimame mapema, kwa sababu petroli isiyoungua inakwenda kuungulia ndani ya katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi) na kuiyeyusha.

Tairi hujieleza zenyewe: zikilika katikati upepo umezidi, zikilika kingo zote mbili umepungua, ukingo mmoja ni alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu), mabonde mabonde ni shokapu. Upepo upimwe tairi zikiwa baridi, kwa namba za kibandiko cha mlango wa dereva, si kwa namba ya juu kabisa iliyo ubavuni mwa tairi. Usukani unaotetemeka kuanzia kilomita 80 hivi kwa saa na kutulia mwendo ukishuka unahitaji balansi, na alaimenti haitausaidia.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua: ukitoka asubuhi tu kisha ukakoma, shuku sili za valvu, ukitoka kila unapovuta mafuta, ringi za pistoni. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, na filta ya hewa ndiyo ya kwanza kutazamwa.

Kuhusu oili, moja tu, kwa kuwa mengine yanajulikana: taa nyekundu ya oili haipimi kiasi, inapima shinikizo. Zima injini palepale, usimalizie hata kilomita moja.

Mwenye gari anayekwenda gereji aache kutaja spea, aeleze mambo manne: tatizo hutokea injini ikiwa ya moto au baridi, kwenye mwendo gani, ukikanyaga mafuta au ukiachia, na gari likienda moja kwa moja au likikata kona. Mngurumo unaokua na mwendo na kubadilika konani ni beringi ya gurudumu. Mlio wa ka-ka-ka usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho ni sivi jointi, kiungo cha ekseli kinachozungusha gurudumu. Fundi anayeelezwa hivyo huanza kazi akiwa ameshavuka nusu ya utafutaji. Na kama tatizo huja injini ikiwa baridi tu, gari lilale gereji, fundi aliwashe mwenyewe asubuhi.

Mafundi wa gereji