Tunaolima mikoani kwa simu, kiduha kinatuwahi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze juu ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, na wenzangu tunaoishi Dar es Salaam huku tukilima mikoani kwa simu. Tuko wengi. Ukipita Kimara, Mbagala au Gongo la Mboto hukosi mtu mwenye ekari zake Dodoma, Singida au Shinyanga, zinazolimwa na ndugu kwa pesa anayotuma. Mvua za kwanza zikinyesha tunatuma ya trekta na ya mbegu, halafu tunakaa kimya mpaka Mei au Juni tuulize, "Mmepata gunia ngapi?"

Mimi nauza unga wa lishe. Shamba letu la mtama liko wilayani Kongwa na analisimamia shangazi yangu. Msimu wa mwaka juzi nilimpigia mwezi Februari, akaniambia, "Mwanangu, mvua ipo, ila mtama umenywea." Sikumwelewa, nikapanda basi mwezi uliofuata. Ukiufinya udongo mkononi ulikuwa na unyevu kabisa, lakini majani ya mtama yalikuwa yamejikunja asubuhi na mapema, na mashina mengi hayakufika kiunoni. Chini yake palikuwa na maua madogo mekundu, mazuri, yametapakaa kama yamepandwa. Shangazi aliinama, akachimbua shina moja na udongo wake, akautikisa taratibu. Kile kijimea chenye maua mekundu kilikuwa kimejishikiza kwenye mzizi wa mtama, huoni kinaanzia wapi na mtama unaishia wapi. "Hiki ndicho kiduha," akaniambia. Majirani walikuwa wamekwisha kusema shamba limerogwa.

Halikurogwa. Kilichoniuma ni kujua kwamba wakati maua yale yanaonekana, hasara ilikuwa imeshaingia. Mbegu ya kiduha ni ndogo kama vumbi. Mmea mmoja unaweza kuangusha makumi ya maelfu, na mbegu hizo hukaa ardhini zikiwa hai kwa zaidi ya miaka 10. Haziamshwi na mvua peke yake. Mzizi wa mtama, mahindi, uwele au mpunga wa nchi kavu hutoa kemikali fulani udongoni, na ni hiyo inayoiamsha mbegu iliyo jirani. Ikikosa mzizi wa kushika ndani ya siku chache, inakufa. Ikiupata, inajipenyeza na kuanza kunyonya maji na chakula, wiki kadhaa chini kwa chini, wewe juu huoni hata jani. Kibaya zaidi, nafaka iliyoota kwenye udongo uliochoka hutoa kemikali hiyo kwa wingi, yaani shamba lenye njaa ndilo linalokiita kiduha. Miaka mingi sisi tulivuna mtama juu ya mtama bila kurudisha hata toroli moja la samadi.

Kuna kosa jingine, na hili ni langu mwenyewe. Mbegu ya msimu ule niliinunua hapa jijini, nafaka ya chakula kutoka soko moja, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko ya dukani. Nilipoipepeta, vumbi jeusi lilibaki kwenye ungo. Nilidhani ni uchafu wa njiani, nikafunga gunia nikalipeleka stendi. Lilikuwa vumbi la fugwe, ugonjwa wa ukungu unaoharibu masuke. Mtama ulipotoa masuke, punje nyingi zilikuwa vifuko vya kijivu. Ukikibonyeza kimoja unatoka unga mweusi kama masizi na kubaki kwenye vidole. Vifuko hivyo hupasuka wakati wa kupura, vumbi likanata kwenye punje nzima, na ukizipanda umepanda ugonjwa. Fugwe ya namna hii huzuilika kwa dawa ya ukungu inayopakwa kwenye mbegu kabla ya kupanda, na gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na suke lililopotea. (Mbegu iliyopakwa dawa isiliwe wala kupewa kuku, tafadhali, hata kama imebaki nyingi.) Ipo fugwe nyingine inayogeuza suke zima kuwa rundo jeusi. Hiyo hukaa udongoni, na kupaka mbegu dawa hakutoshi: kata suke lile kabla halijapasuka, ulichome moto.

Siwezi kuapa kwamba kiduha nacho kilisafiri ndani ya gunia langu. Lakini nafaka iliyofagiliwa kwenye uwanja wa kupuria, ikachanganywa na ya mashamba mengine na kuuzwa kama mbegu, ni mojawapo ya njia zake. Kwa hiyo ndugu zangu, msitume mtama wa sokoni kuwa mbegu. Mbegu zilizofanyiwa kazi zipo. Mwaka 2002 ziliidhinishwa hapa nchini aina mbili za mtama, Hakika na Wahi, zenye ukinzani dhidi ya kiduha. Asili yake ni kazi ya mwanasayansi mzaliwa wa Ethiopia, Gebisa Ejeta, aliyepewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009 kwa mchango wake katika mtama. Si kwamba kiduha hakizigusi kabisa, ila kinachofanikiwa kuzishika ni kidogo. Inanisikitisha kwamba baada ya miaka yote hii, shangazi yangu alizisikia majina kwangu, nami nilizisikia kwa bwana shamba mstaafu tuliyekaa kiti kimoja kwenye basi.

Mbegu peke yake haitoshi. Sehemu ya shamba sasa tumeipumzisha mtama, tumeweka alizeti, karanga na kunde. Mizizi ya mazao haya inaweza kuiamsha mbegu ya kiduha bila kuilisha, ikaota na kufa. Wenzetu wa upande wa Ziwa Victoria wana kilimo cha sukuma-vuta, kilichoanzia Kenya, ambapo desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, hupandwa katikati ya mistari ya mahindi au mtama na kukizuia kiduha. Ni njia nzuri sana, ila kwetu Ugogoni, ambako kiangazi ni kirefu na mifugo huachiwa mashambani baada ya mavuno, sioni desmodiamu ikivuka mwaka bila uzio.

Kinachobaki ni mikono, na hapa ndipo pesa zetu hazifiki. Kiduha king'olewe kabla hakijatoa maua, na kwetu hiyo ni Februari kuingia Machi, baada ya palizi ya pili, wakati ambao hakuna anayetuma kitu. Shangazi ana miaka 63, hawezi kuinama ekari nne peke yake. Mwaka huu nilituma pesa ya vibarua watatu kwa siku sita, wakang'oa, kisha wakarudia baada ya wiki mbili kwa sababu kiduha hakitoki chote kwa mkupuo. Kilichokuwa kimeanza kuchanua walikichoma. Hawakukitupa pembeni ya shamba wala kuwapa ng'ombe, maana mbegu hupita tumboni ikiwa hai na kurudi shambani na samadi. Hatujakimaliza, na kwa akiba iliyoko ardhini hatutakimaliza leo wala kesho. Ila mtama umefika kifuani.

Ndugu Mhariri, kweleakwelea wakivamia mashamba, ndege ya kunyunyiza dawa inarushwa na gazeti lako linaandika, na ni haki. Kiduha hakipigi kelele. Ombi langu ni hili: mwezi Januari utoe picha kubwa ya kiduha, ya rangi, kikiwa bado majani matupu. Picha ya maua mekundu haitatusaidia, kwani tukiyaona maua tumeshachelewa.

Muuza unga wa lishe,
Kimara, Dar es Salaam